Shajara ya mradi: Faili la Probox moja, kutoka melini hadi kwenye pleti

Gari: Toyota Probox ya mizigo, modeli NCP51V, injini 1NZ-FE ya petroli, usajili wa kwanza nchini Japani Januari 2008.
Lengo: litoke bandarini, lilipiwe ushuru, lipate kadi na namba.
Muda uliopangwa: siku 30 tangu skani za hati kufika.

Shajara hii inafuata faili, si gari. Gari lenyewe halikusumbua, ukiacha betri.

Siku ya 1

Skani zimefika meli ikiwa bado baharini, na ndivyo inavyotakiwa. Ziko sita: ankara ya muuzaji, hati ya shehena inayotolewa na kampuni ya meli, hati ya Kijapani ya kufuta usajili ili gari lisafirishwe nje, tafsiri yake, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kupakiwa, na bima ya safari. Kila moja imejazwa na mtu wake, na wengi wao hawakuliona gari.

Kazi ya kwanza ni jedwali. Kushoto weka taarifa 11: jina la mwagizaji, namba ya mlipakodi, chesisi, injini, modeli, ujazo wa injini, mwaka, rangi, viti, uzito, matumizi. Juu weka hati, kila hati na safu yake. Jaza herufi kwa herufi kama ilivyoandikwa, hata pale unapojua kabisa kwamba ni kosa. Ukilisahihisha kichwani, umelificha kwako wewe tu, karani ataliona.

Matokeo: taarifa 4 zinakubaliana (namba ya mlipakodi, modeli, rangi, uzito). 7 hazikubaliani. Kwa gari la mtumba hiyo si rekodi mbaya.

Siku ya 2: chesisi

Hati ya Kijapani inasema NCP51, kistari, kisha tarakimu saba. Hati ya shehena inasema NCP51V, kistari, kisha tarakimu zilezile. Hiyo V ni ya modeli, inaonyesha kwamba bodi ni ya vani, na haimo kwenye namba iliyochongwa kwenye chuma. Aliyechapa alichukua modeli akaibandika mbele ya tarakimu. Kwa macho ni herufi moja. Kwa mfumo wa forodha ni gari jingine ambalo halijawahi kupakiwa.

Mtego wa pili uko mbele, lakini uandikwe mapema. Fomu nyingi za usajili zimetengenezwa kwa kufuata namba ya herufi na tarakimu 17, ile ya kiwango cha ISO 3779. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana namba hiyo. Hili lina alama 12, au 13 ukihesabu kistari. Fomu ikikataa, karani mwenye nia njema hujaza sifuri mbele mpaka kisanduku kitosheke, na kuanzia hapo gari lina namba mbili: ya kwenye chuma na ya kwenye kadi. Siku ya kuuza, siku ya bima kulipa, siku ya kusimamishwa barabarani, hizo namba mbili zitakutana. Msikubali sifuri zilizokubaliwa kwa mdomo tu. Ulizeni kama fomu ina chaguo la chesisi isiyo ya alama 17. Kama halipo, msimamizi aandike kwenye faili ni nini kilichojazwa na kwa nini, kwa saini na mhuri, na nakala ibaki kwenu.

Siku ya 3: mwaka, ujazo, viti

Mwaka. Hati za Kijapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme. Heisei ilianza 8 Januari 1989 na kuisha 30 Aprili 2019. Reiwa ikaanza kesho yake, 1 Mei 2019. Kwa Heisei ongeza 1988, kwa Reiwa ongeza 2018. Hati inasema Heisei 20, mwezi wa 1, yaani Januari 2008. Tafsiri imeandika 2020. Mtafsiri ameona "20" akamalizia. Kosa hili linaweza kuonekana zawadi, kwa kuwa gari limepata ujana wa miaka 12, lakini thamani ya forodha nayo itapanda kufuata gari la 2020. Na likigundulika baada ya tamko la forodha kuwasilishwa, haliitwi tena kosa la tafsiri.

Kuna jambo la ndani zaidi hapa. Hiyo Januari 2008 ni ya usajili wa kwanza, si ya kutengenezwa. Gari lililosajiliwa Januari linaweza kabisa kuwa lilitoka kiwandani mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Nchi nyingine huhesabu umri tangu usajili, nyingine tangu kutengenezwa, na kodi ya uchakavu au hata ruhusa ya kuingiza gari husimama kwenye tofauti hiyo. Someni kanuni inataka tarehe ipi kabla ya kujaza. Ikitaka ya kutengenezwa, lebo zilizoshonwa chini ya mikanda ya viti mara nyingi huwa na tarehe, na alama za vioo husaidia. Kumbukeni kwamba kioo na mkanda hutengenezwa kabla ya gari, kwa hiyo huo ni ushahidi wa "si kabla ya", haufiki kwenye "siku hiyo hasa".

Ujazo. Namba nne kwenye hati sita: 1.49, 1,496, 1,497 na 1,500. Zote zina asili ya kweli. Silinda za 1NZ-FE zina kipenyo cha milimita 75 na pistoni husafiri milimita 84.7, ukizidisha kwa silinda nne unapata sentimita za ujazo 1,496.77. Japani hukata desimali na kuandika 1,496. Wengine huipandisha hadi namba kamili iliyo karibu na kuandika 1,497. Hati ya usajili wa Japani huandika lita na kuishia desimali mbili, 1.49, na muuzaji husema 1,500 kwa sababu ndivyo watu wanavyoliita. Kwenye jedwali la ushuru, upande wa magari ya abiria, mpaka ni 1,500: namba 8703.22 ni zaidi ya 1,000 bila kuvuka 1,500, na 8703.23 huanzia hapo kwenda juu. Kwa hiyo ushuru haubadiliki kwa namba yoyote kati ya hizi. Lakini ofisi ya usajili hailinganishi ushuru, inalinganisha maandishi. Tumechagua 1,496, ya mtengenezaji, na kuanzia leo ni hiyo tu kila mahali.

Viti. Hati ya Kijapani imeandika 2[5], na mzigo 400[250]. Maana yake: vani hili likibeba watu 2 linaruhusiwa kilo 400 za mzigo, kiti cha nyuma kikitumika na watu wakawa 5, mzigo ushuke hadi kilo 250. Tafsiri imeandika viti 25. Mabano yameanguka njiani.

Tafsiri imerudishwa kwa mtafsiri ikiwa na makosa mawili yaliyozungushiwa wino, pamoja na la tatu tulilolikuta jioni: kwenye "namba ya injini" ameweka tarakimu nne za uainishaji wa modeli. Hati ya Kijapani haina kabisa namba ya injini. Ina aina ya injini tu, 1NZ. Kisanduku hicho kwenye tafsiri kinatakiwa kiandikwe "haijaonyeshwa". Neno hilo moja litatuokoa baadaye, au ndivyo tunavyotumaini.

Siku ya 5: hati ya shehena

Jina kwenye hati ya shehena lina maneno mawili, kwenye kitambulisho matatu. Pamoja na V ya ziada, hayo ni makosa mawili kwenye hati moja, na yanasahihishwa kwa maombi mamoja. Kila sahihisho hulipiwa; ukiomba mara mbili unalipa mara mbili na kusubiri mara mbili.

Anayeomba ni aliyepakia, yaani muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye mwenye mkataba na kampuni ya meli. Barua ya mwagizaji kwa kampuni ya meli husomwa kwa heshima na kuwekwa pembeni. Barua ya muuzaji iwe fupi: namba ya hati ya shehena, jina la meli na namba ya safari, kisha mistari ya "isomeke hivi badala ya hivi", nakala ya hati ya Kijapani na ya kitambulisho, saini na mhuri. Imetumwa.

Siku ya 9

Jibu: hati ya shehena imesahihishwa. Ila orodha ya shehena ya meli, ile ya mizigo yote iliyomo, ilishawasilishwa forodha ikiwa na maandishi ya zamani. Kwa hiyo sasa karatasi iko sawa na mfumo hauko sawa.

Hili ndilo linalowachanganya wengi. Wakala wa forodha hawezi kulirekebisha, kwa sababu orodha hiyo si yake. Forodha hawalirekebishi kwa ombi lako, kwa sababu si wao walioiandika. Anayeomba ni wakala wa kampuni ya meli pale bandarini, na forodha wanaidhinisha. Ukienda dirisha la forodha moja kwa moja utaambiwa kwa upole kwamba faili halipo, na ni kweli, kwao halipo. Kosa la karatasi husahihishwa lilipozaliwa, kisha linafuatwa ofisi kwa ofisi kufuata njia ile ile lililopita. Njia ya mkato ipo ya kusogeza faili lenye kosa mbele, wala haisahihishi chochote.

Siku ya 10 hadi 14

Meli imetia nanga siku ya 10. Gari limeshushwa siku ya 11. Siku za bure za kuhifadhi mzigo huhesabiwa tangu kushushwa, hazingoji faili lako likae sawa. Sahihisho la orodha limeidhinishwa siku ya 14 mchana. Skani ya skrini imewekwa kwenye faili pamoja na namba ya kumbukumbu, kwa sababu idhini isiyo na namba haiwezi kuulizwa kesho.

Siku ya 15: 8703 au 8704

Tamko la forodha limewasilishwa na limekwama saa moja baadaye. Swali ni halali na lina uzito: gari hili ni la abiria (8703) au la mizigo (8704)? Japani lilisajiliwa kama la mizigo. Lakini namba 8703 na 8704 hazifuati usajili wa Japani, zinafuata gari lilivyotengenezwa. Maelezo ya jedwali la ushuru yanatazama viti vya kudumu vyenye mikanda nyuma ya dereva, madirisha ya pembeni sehemu ya nyuma, milango yenye vioo, na kama kuna ukuta wa kudumu kati ya abiria na mzigo. Probox ina madirisha, ina milango ya nyuma, haina ukuta. Ofisa analiona kama steshenwagoni. Muuzaji ameandika gari la mizigo kwenye ankara kwa sababu hati yake inasema hivyo, naye hakudanganya.

Tulichowasilisha: picha sita. Nje ubavu wote wa kushoto, nje ubavu wote wa kulia, kiti cha nyuma kikiwa kimesimama, kiti cha nyuma kikiwa kimekunjwa, mikanda ya nyuma, na sakafu ya mzigo hadi nyuma ya kiti cha dereva. Pamoja na hizo, barua ya nusu ukurasa inayotaja vigezo hivyo kimoja kimoja, bila malalamiko. Ofisa akiwa na picha anaweza kuamua mezani. Bila picha anapanga siku ya kulitazama gari, na siku hiyo huwa ya wiki ijayo.

Uamuzi wa siku ya 18: 8703.22. Ni ghali kuliko tulivyotarajia, lakini unatetewa. Sasa ni lazima "matumizi" kwenye fomu ya usajili yasomeke kama uamuzi huu na si kama hati ya Kijapani. Ukisahau, miezi michache baadaye kadi itasema gari la mizigo huku risiti za ushuru zikisema la abiria.

Kwa nini kubishania viwango kabla ya kulipa: kodi hizi hupandiana mgongoni. Chukua mfano wa thamani 1,000, ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, VAT asilimia 18. Ushuru wa forodha ni 250. Ushuru wa bidhaa huhesabiwa juu ya 1,250, unakuwa 62.50. VAT juu ya 1,312.50, inakuwa 236.25. Jumla 548.75. Ushuru wa bidhaa ukiwa asilimia 10 badala ya 5, jumla inakuwa 622.50. Asilimia 5 kwenye karatasi zimezaa 73.75 mfukoni, kwa sababu VAT nayo imekula juu yake. Na thamani inayoanza hesabu mara nyingi si ya ankara, bali ile ambayo forodha wanayo kwenye orodha yao ya bei za magari yaliyotumika. Ombeni mjue ni mstari upi wa orodha uliotumika. Mstari wa modeli jirani ni kosa la kawaida.

Siku ya 20, 21

Mtandao hakuna.

Siku ya 22: malipo

Namba ya malipo imetoka. Ina muda wa kuisha, na kiasi chake ni kamili hadi senti: ukilipa pungufu kwa makato ya benki, malipo yanaelea, hayajakataliwa wala hayajapokelewa. Makato yalipwe pembeni. Tumelipa Jumanne asubuhi kwa makusudi. Malipo ya Ijumaa jioni husomeka Jumatatu, na bandari huhesabu Jumamosi na Jumapili kama siku nyingine.

Siku ya 24: kutoka

Kibali cha kutoa gari kimepatikana. Betri imekufa, limewashwa kwa waya. Kabla ya kusaini kupokea, piga picha za kioo, taa, redio, jeki na tairi la akiba, ukiwa bado ndani ya geti.

Siku ya 27: ukaguzi

Hapa ndipo chesisi na injini husomwa kwenye chuma. Andaeni mapema. Chesisi ya magari mengi ya Japani huchongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, au sakafuni karibu na kiti cha mbele. Safisheni kwa brashi laini na mafuta ya taa. Msitumie msasa wala brashi ya chuma: mikwaruzo kuzunguka namba husomeka kama namba iliyochezewa, na hapo faili linahamia kwa watu wengine kabisa. Weka karatasi nyembamba juu yake, paka penseli laini kwa ubavu, kisha bandika utepe wa plastiki wenye gundi juu ya nakala isifutike. Namba ya injini iko kwenye bloku, mara nyingi kwenye kipande kilichosawazishwa karibu na giaboksi. Tochi ya pembeni huionyesha vizuri kuliko ya mbele.

Swali la mkaguzi: hati inasema kilometa 87,400 na dashibodi inasema 87,463. Hakuna ujanja. Japani, kilometa huandikwa kwa mamia kamili na kinachozidi hukatwa. Zilizobaki ni safari za kwenda bandarini na za uwanjani. Amekubali.

Jambo muhimu kuliko yote siku hii: hakikisheni mkaguzi ameandika namba ya injini kwenye ripoti yake. Ofisi ya usajili haitaichukua kwenu, wala kwenye picha yenu. Itaichukua kwenye ripoti, kwa sababu hati ya Kijapani haina.

Siku ya 30

Ndiyo ilikuwa tarehe ya mwisho. Ombi la usajili limepokelewa leo.

Siku ya 33

Limerudishwa. Sababu iliyoandikwa: "namba ya injini haifanani". Haifanani na nini? Na tafsiri ya kwanza, ile yenye tarakimu nne, ambayo wakala wa forodha aliipandisha kwenye mfumo siku ya 1 na hakuiondoa. Tafsiri sahihi ipo chini yake. Karani amefungua ya juu.

Dawa: kwenye mfumo wowote wa kupandisha hati, ondoa ya zamani au iombewe kufutwa, usiongeze mpya ukidhani mpya ndiyo itasomwa. Pia majina ya mafaili yaanze na tarehe.

Siku ya 38

Fomu imekataa alama 12. Chaguo la chesisi isiyo ya 17 lipo, limejificha chini ya "aina ya usajili" na si chini ya "chesisi". Karani wa dirisha la kwanza hakulijua. Wa dirisha la tatu alilijua. Tumempa wa kwanza maelekezo yaliyochapwa, amebandika ukutani.

Siku ya 46

Kadi imetoka. Chesisi sawa, bila sifuri. Injini sawa. Ujazo 1,496. Mwaka 2008. Matumizi: abiria. Pleti zimefungwa kwa riveti, mbele na nyuma.

Viti: 2.

Karani aliyethibitisha alifungua hati ya asili badala ya tafsiri, akaona 2[5], akaamini namba isiyo na mabano. Kwa Japani angekuwa sahihi nusu. Hapa bima itasoma kadi, na mtu wa tatu, wa nne na wa tano watakuwa wamepanda gari lisilo na nafasi yao.

Tumeomba marekebisho kwa kutumia tafsiri. Jibu: tafsiri haitoshi dhidi ya hati ya asili, iletwe ripoti ya ukaguzi inayotaja idadi ya viti. Fomu ya ripoti ya ukaguzi haina kisanduku cha viti.

Siku ya 48

Gari limerudishwa ukaguzi ili lihesabiwe viti. Mkaguzi ataandika kwenye sehemu ya maoni, kwa mkono, na kugonga mhuri juu ya maandishi.